Ukame wa Majaribio

Si zamani za kale, wala si jana asubuhi, ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, maana kila anayeitaja huulizwa ana nia gani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Utayari. Nchi nyingine, maskini zenyewe, husubiri ukame uje ndipo zianze kukimbia na ndoo. Ile haikungoja. Iliamua kuutangulia ukame, iukute njiani na kuupokea kwa hotuba.

Katika wizara hiyo alikuwamo bwana mmoja, Gervas Mtawali, Ofisa Utayari wa Wafanyabiashara Wadogo, Daraja la Tatu. Gervas hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele mtataka kumtukana, nami sitawazuia, ila mjue mliambiwa.

Walimpeleka Malendi, mji mdogo wa kando ya barabara kuu, awafundishe wenye biashara ndogo namna ya kujiandaa na ukame na majanga mengine yatakayopitishwa na bajeti. Malendi yenyewe iliishi kwa sufuria la Mama Nyamizi. Malori yalisimama pale kwa ajili ya supu yake. Kwa kuwa yamesimama, fundi Makoye akapata matairi ya kuziba, kinyozi akapata vichwa, na wauza karanga wakapata madirisha ya kugonga. Mama Nyamizi akizima jiko, dereva hana sababu ya kukanyaga breki, na mji mzima unabaki kupigwa vumbi. Hilo kila mtu alilijua, hata mbuzi.

Gervas alikuwa bado hajafungua sanduku lake Mama Nyamizi alipopiga hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu Malendi. Nimekuja kukuonyesha pipa langu."

Kweli, uani kwa Gervas palikuwa na pipa la chuma, kubwa, limefunikwa, kifuniko kimefungwa kwa kipande cha kanga. Lilikuwa limejaa maji.

"Hili ni lako, mama, na liko kwangu?"

"Ndiyo lipo kwako, ndiyo maana ni salama," alisema Mama Nyamizi, akaketi kwenye sanduku la mgeni wake amweleze.

Watu wa Malendi, enzi za babu zao, walikuwa wakiweka akiba ya maji nyumbani kama watu wengine. Ukame ukija, wanakuta akiba iliisha wakati wa neema, leo kikombe, kesho kikombe, maana cha karibu na mkono hakikai. Basi wakaona heri kila mmoja akaweke pipa lake kwa jirani. Wewe unalinda la mwenzio, mwenzio analinda lako. Maji ya jirani hayanywewi. Hakuna kufuli, hakuna askari, ni kile kitambaa tu. Na siku unapokwenda kuchukua lako, unamrudishia na yeye la kwake, mkono kwa mkono. Jirani yake Mama Nyamizi alikuwa fundi cherehani aliyehama, na nyumba ile ndiyo iliyopangishwa serikali.

"Kwa hiyo jirani sasa ni wewe," alisema. "Nipe na lako nikutunzie."

Gervas akacheka. Hakuwa na pipa. Akampa dumu tupu la ofisi, la njano, lililoandikwa kwa rangi nyekundu MALI YA SERIKALI, ISIGUSWE. Mama Nyamizi alilitikisa, akaona halina kitu, akanyamaza kwa adabu. Mgeni hajui. Alikwenda kulijaza mwenyewe kwa maji yake, akaliweka nyuma ya jiko.

*

Haukupita muda wizara ikatangaza Zoezi la Kitaifa la Ukame. Malendi ikapewa heshima ya kuwa ya kwanza. Wafanyabiashara wadogo wangeishi kama vile ukame umeshafika, wapate uzoefu, ili ukifika wenyewe uwakute wameshachoka nao.

Mheshimiwa Waziri alikuja kuzindua. Alivaa suti ya kijivu, na nyuma yake alitembea mtu aliyebeba mto mwekundu, na juu ya mto ulilala ufunguo wa bomba la serikali, bomba pekee la mji.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "ukame ni adui mwoga. Hupenda kuwavamia watu wasiouzoea. Sasa sisi tutauzoea kabla haujatuzoea. Kwa mamlaka niliyopewa, na kwa niaba ya mawingu, natangaza kwamba kuanzia sasa ukame umeanza!"

Watu wakapiga makofi kama walivyofundishwa. Waziri akafunga bomba, akatia ufunguo mfukoni. Kwa mujibu wa sheria za nchi ile, zoezi lililofunguliwa na waziri hufungwa na waziri, na hakuna mwingine awezaye kulisimamisha, hata Mungu akileta mvua.

Kisha ikaja zamu ya Gervas na kipaza sauti. Waraka ulimtaka ahakikishe washiriki wote wanaanzia sifuri. Mwenye akiba angempita asiye nayo, na huo ungekuwa upendeleo. Basi mapipa yote ya Malendi yatolewe nje yamwagwe.

Fundi Makoye, mziba matairi, akainua mkono uliojaa grisi.

"Sasa Ofisa, na ukame ukija wa kweli?"

"Ndiyo maana tunajiandaa, fundi."

"Tunajiandaa kwa kumwaga?"

"Tunajiandaa kwa kuzoea," alisema Gervas, na sauti yake yenyewe ikampigia kelele masikioni.

Wakamwaga. Na kwa kuwa pipa la kila mtu lilikuwa kwa mwenzake, kila mtu alimwaga maji ya jirani yake, wengine wakiombana radhi kwanza. Maji yalishuka barabarani, mbwa wa mji wakanywa siku ile kama waalikwa wa harusi. Yalisalimika maji ya namna mbili tu. Pipa la Mama Nyamizi lilikuwa ndani ya nyumba ya serikali, na nyumba za serikali hazishiriki mazoezi. Dumu la Gervas nalo lilikuwa na maandishi mekundu, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Mji mzima ukapumua. Walau sufuria la mama lina pa kushika.

*

Mliotangulia kucheka mnajua kilichofuata. Mvua haikuja. Si kwa zoezi, haikuja kwa kweli. Mahindi yalitoka kama vidole, yakakunjamana. Watu walichimba visima vya mchangani mtoni, wakachota kwa kikombe, kisha kwa kijiko. Gervas alipiga simu makao makuu, kwa Mkurugenzi wa Ukame Mdogomdogo.

"Mzee, mvua haijanyesha."

"Safi sana."

"Hapana, mzee, haijanyesha kweli. Ng'ombe wanakufa."

"Ng'ombe nao wanashiriki?" Mkurugenzi alivutiwa. "Hilo hata hatukulitegemea. Andika kwamba mwamko uko juu."

"Mzee, naomba bomba lifunguliwe."

"Gervas, ufunguo anao Waziri, na Waziri yuko nje ya nchi kwenye mkutano wa ukame. Anaongea vizuri sana, juzi tumemwona kwenye televisheni, nje ya dirisha theluji inaanguka. Wewe endelea na mafunzo."

Akaendelea na mafunzo. Wizara ilileta kofia na fulana zilizoandikwa TUKO TAYARI, na somo lililoandaliwa na wataalamu, liitwalo Biashara Bila Maji: Tuone Fursa. Gervas alisimama mbele ya wafanyabiashara wake walioketi wamevaa kofia, midomo imewapasuka, akawaelekeza wabuni bidhaa mpya.

"Mama Nyamizi, kwa mfano, anaweza kuuza chai isiyo na maji."

"Chai isiyo na maji inaitwaje, baba?" aliuliza Mama Nyamizi, akitaka kuelewa kwa dhati.

Gervas akatazama makaratasi yake. "Majani," alisema.

Watu walicheka mpaka wengine wakakohoa. Mama Nyamizi hakucheka. Alimhurumia, akamletea mfupa wa supu jioni ile, wenye uboho, ambao dereva mmoja alikuwa ameshauagiza.

*

Sasa tufike pale ambapo Gervas mwenyewe hapendi tufike.

Maofisa wa wizara walikuwa wakiletewa maji yao kutoka makao makuu kwa gari. Siku moja gari halikuja. Alipouliza akaambiwa uongozi umeona si vizuri ofisa anywe wakati washiriki hawanywi, italeta picha mbaya. Na katika pumzi ileile akaambiwa kwamba kesho wanakuja watathmini kutoka ng'ambo, kwa hiyo awe amenyoa ndevu, awe nadhifu.

Asubuhi iliyofuata alisimama uani, taulo begani, wembe mkononi, akitazama pipa. Alijua kanuni. Lakini ndevu ni ndevu, na watathmini ni watathmini. Alifungua kile kitambaa cha kanga, akachota kikombe kimoja, akafunga tena, na fundo akalifunga vilevile kama alivyolikuta. Alinyoa kwa uangalifu. Watathmini walimpiga picha akiwa amesimama karibu na mzoga wa ng'ombe, wakamsifu kwamba ana nidhamu.

Nitakirudisha gari likija, alijisemea. Gari halikuja. Kikombe cha kunyoa kikawa na kikombe cha kunywa, maana binadamu hanyoi tu. Kisha cha kuchemshia yai, na cha kusukutua. Fundo la kanga likazoea vidole vyake. Kila akichota, aliapa kwamba ni cha mwisho, na kila akiapa aliona ameshalipa nusu ya dhambi. Alilala vibaya. Alikuwa akiota anasikia maji yakicheza ndani ya chuma, na sauti kila ndoto ilikuwa ya chini zaidi.

Na Mama Nyamizi, wakati wote huo, alikuwa mtulivu kuliko mji mzima. Mtu akilia kwamba visima vya mchangani vinakwisha, humwambia, "Havijaisha bado. Na vikiisha nina pipa langu kwa Ofisa. Sufuria moja kwa siku, sufuria dogo, tutafika mvua ya mbele." Watu wakasikia wakatulia. Walimsalimia Gervas kwa heshima mpya njiani. Huyu ndiye anayelinda pipa. Kinyozi alianza kumnyoa bure, kwa wembe mkavu.

Siku moja Gervas alikuwa mgahawani, bakuli mbele yake, dereva wa lori la mbao alipomwita Mama Nyamizi.

"Mama, mimi napita milimani kila wiki. Kule maji yapo. Nikupakilie mapipa, niwe nakuletea?"

Moyo wa Gervas uliruka. Hii hapa njia. Mama akikubali, pipa halitafunguliwa, na lisipofunguliwa hakuna atakayejua. Aliomba kimoyomoyo kama hajawahi kuomba.

Mama Nyamizi alifikiri kidogo, akapangusa meza. "Mungu akubariki, mwanangu. Wapelekee zahanati, kuna wazazi pale wanajifungua bila hata ya kunawa. Mimi nina langu."

"Una hakika, mama? Nafasi yangu ni ya mapipa machache tu."

"Nina hakika. Liko kwa jirani."

Akamtazama Gervas, akatabasamu. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Lilikuwa limebaki neno moja, na lori lilikuwa bado limesimama, na dereva alikuwa bado anatafuna. Gervas alifungua mdomo.

"Naomba chumvi," alisema.

Akaletewa chumvi. Aliitia kwenye supu ambayo haikuihitaji, akainywa yote, na ikamchoma mpaka tumboni. Jioni ile aliporudi nyumbani pipa lilikuwa na maji ya kufunika kiganja. Ningependa kuwaambia hakuyanywa.

*

Waziri akarudi kutoka kwenye theluji, akatangaza kwamba atakuja kulifunga zoezi. Siku ya kufunga, asubuhi na mapema, magari ya maji yalifika Malendi. Watu walitoka mbio na ndoo, vilio vya furaha kila pembe. Magari yakafungua mabomba yake yakaanza kunyunyizia barabara, kutoka daraja mpaka uwanjani, ili vumbi lisimfikie Mheshimiwa. Wanawake walichota matope kwa vikombe. Gari la mwisho lilipomaliza, dereva wake aliomba radhi, akasema agizo lilitaja barabara tu.

Gervas alikuwa akifunga tai Mama Nyamizi alipopiga hodi. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na mkononi, akiinamia upande mmoja kwa uzito, amebeba dumu la njano.

"Visima vimekauka jana, baba," alisema. "Jikoni sijabakiwa na tone. Nimekuja kuchukua langu, na lako hili hapa."

Akalitua mlangoni. Dumu lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Gervas alilitazama kama mtu anayetazama nyoka.

"Lina maji?"

"Sasa lingekuwa na nini?"

"Mama, mimi nilikupa tupu."

"Ulikuwa mgeni," alisema Mama Nyamizi. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alipotabasamu mpasuko mmoja ulitoa damu. "Nilikuwekea. Halijaguswa. Makoye alinishauri mara moja tulifungue, mtoto wake alipougua, nikamwambia hayo ya jirani, hayanywewi. Tukampeleka zahanati."

Uani, pipa lilikuwa hatua chache tu, na kile kitambaa cha kanga juu yake kilionekana kutoka mlangoni. Gervas alijiweka katikati.

"Mama, leo Waziri anakuja. Njoo baada ya sherehe."

"Malori yamenisubiri tangu alfajiri, baba. Nimewaambia madereva maji yanakuja."

"Baada ya sherehe, mama. Ni utaratibu."

Mama Nyamizi alimtazama. Hakuwa amewahi kusikia neno utaratibu likitumiwa juu ya pipa. "Haya," alisema, akaondoka polepole. Gervas alibeba dumu akakimbilia uwanjani. Kuliacha nyumbani alishindwa, maana aliona litasema.

*

Wafanyabiashara wadogo wa Malendi waliketishwa mbele, wamevaa kofia. Waziri alipanda jukwaani, akawatazama walivyokonda, akashika kifua.

"Nimetembea dunia," alisema, "nimeona maigizo mengi ya ukame. Huu wenu, ndugu zangu, ndio bora. Tazameni mashavu yale! Tazameni yule mzee anavyotetemeka! Nani angejua kwamba ni zoezi?"

Akatangaza kwamba wafanyabiashara wa Malendi sasa wako tayari kwa asilimia zote, na kwamba Ofisa Gervas Mtawali amepandishwa kuwa Daraja la Pili. Gervas alisimama, akainama, akaketi, dumu katikati ya miguu yake. Kisha Waziri akaingiza mkono mfukoni atoe ufunguo wa bomba. Akauingiza katika mfuko wa pili. Akainama kwa msaidizi wake, wakanong'onezana. Ufunguo ulikuwa umebaki kwenye suti ya kijivu, na suti ya kijivu ilikuwa kwa dobi, mji mkuu.

"Utaletwa," alisema Waziri. "La muhimu leo ni ishara. Nani ana maji kidogo ya ishara?"

Msaidizi akaangaza macho, akaliona dumu. MALI YA SERIKALI. Alifurahi sana kuona jinsi mambo yalivyopangwa, akalitoa kwenye miguu ya Gervas, na Gervas hakulishika. Waziri alilipokea kwa mikono miwili, akasogea ukingoni mwa jukwaa.

"Natangaza kwamba ukame umekwisha!"

Akalimimina. Maji yalianguka chini mbele ya safu ya kwanza, yakatoka mfululizo, bila haraka, mpaka ya mwisho. Hakuna aliyesogea. Fundi Makoye alivua kofia yake ya TUKO TAYARI akaishika magotini. Uwanja mzima ulikuwa kimya, ukiitazama ardhi ikinywa.

Katika ukimya ule ndipo sauti iliposikika, ikitokea upande wa nyumba za serikali. Ilikuwa sauti ya pipa linalobingirishwa. Watu wa Malendi wamebingirisha mapipa tangu utoto, na wanajua kwamba lililojaa hukwaruza tu chini kwa uzito. Hili lilinguruma. Lilipiga kila jiwe likaitika, tupu, tupu, likipanda njia yote. Kichwa kimoja kiligeuka, kisha vyote. Mama Nyamizi alitokea nyuma ya uwanja, ameinama, kitenge chake cha sikukuu kimeshika vumbi, akilisukuma pipa lake mbele yake kwa mikono miwili. Kitambaa cha kanga alikuwa amekifunga kiganjani. Hakutazama jukwaani. Alikuwa akienda zake mgahawani, walikokuwa wakingoja madereva aliowaahidi.

"Sauti gani hiyo?" aliuliza Waziri.

Vichwa vilimwacha Mama Nyamizi vikamgeukia Gervas, kofia zote, macho yote, safu kwa safu. Walimwachia yeye ajibu.

Gervas alisimama. Koo lake lilikuwa limelainika vizuri, ndilo pekee mahali pale.

"Ni sehemu ya zoezi, Mheshimiwa."

"Safi sana!" alisema Waziri. "Ubunifu! Hebu wapigieni makofi."

Hakuna aliyepiga. Waziri akangoja, msaidizi akakohoa, na Mkurugenzi, aliyekuja na Waziri, akamkazia Gervas macho. Basi Gervas akaanza. Alipiga makofi peke yake, kwa nguvu, akitumaini yatafunika ule mngurumo, mpaka mngurumo wenyewe ukafika mgahawani ukakoma. Hakuthubutu kuacha. Alikuwa bado anapiga wakati kule barabarani lori la kwanza lilipowasha injini, kisha la pili, kisha yote.